Ufunguo Juu ya Kiti cha Baba

Kufuli nililinunua mimi. Nalisema hili mapema kwa sababu nyumbani kwetu habari ya choo kile husimuliwa kana kwamba kufuli lilijileta lenyewe na kujining'iniza mlangoni. Nililinunua Nyeri mjini, Jumamosi moja mwanzoni mwa miaka ya tisini, katika duka la vyuma karibu na soko, nikalifungua na kulifunga mara tatu mbele ya mwenye duka kabla ya kukubali kuondoka nalo. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, umri wa miaka ishirini na tisa, sina mume, na sikuwa mtu wa kuuziwa takataka.

Choo chenyewe alikijenga baba. Kilikuwa na shimo refu, sakafu ya saruji, mabati mapya na mlango wa mbao uliorandwa vizuri kuliko mlango wa nyumba yetu. Shamba letu lilikuwa kati ya barabara na kiwanda cha kahawa, na njia ya mkato ilipita nyuma ya nyumba. Msimu wa kahawa watu walipita hapo na magunia yao mgongoni, wakaona choo kipya, wakakifanya cha wote. Wengine hawakulenga shimo. Uchafu wao niliusugua mimi, kwa majivu na maji niliyoyabeba kutoka mtoni. Jumatatu moja nilisugua mara mbili kabla ya kwenda shule, nikafika darasani na harufu ya majivu mikononi, nikaapa kwamba sasa basi.

Ufunguo niliutundika sebuleni, kwenye msumari ulio karibu na mlango. Chini ya msumari, hatua moja tu kuelekea nje, ndipo kilipokuwa kiti cha baba. Alikuwa amestaafu, ana kidonda cha mguu kisichotaka kupona, na siku zake nyingi alizimaliza pale mlangoni penye mwanga, Biblia pajani, redio pembeni, akiona uwanja wote hadi kwenye kamba ya kuanikia nguo. Aliniita "mama". Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama mzaa baba, kwa hiyo mimi nilikuwa mama yake tangu nizaliwe. Mama yangu mwenyewe alipofariki nilikipokea cheo hicho kwa mikono miwili, pamoja na funguo zote za nyumba.

Miezi minane baada ya mazishi, ndugu yangu alioa. Alikuwa akifanya kazi kwenye duka la mbao kule Kenol na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi tu. Mkewe, msichana wa Kianyaga, akabaki nasi katika nyumba yao ndogo ya vyumba viwili, upande wa pili wa uwanja. Alikuwa mdogo wa umbo, mpole, mchapakazi, na hilo la mwisho ndilo lililoniudhi. Alipika mukimo, viazi na mahindi yaliyopondwa pamoja na majani, ambao baba aliumaliza akafuta sahani. Wageni wakaanza kusema, "Sasa boma imepata mama." Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo na birika la chai mkononi, nikiwamiminia.

Mtu wa nje huenda asione tatizo la msumari. Kwetu mke wa mtoto na baba mkwe huheshimiana kwa umbali. Hapiti mbele yake ovyo, haegemei kiti chake, na mambo ya mwili wake hayafiki masikioni mwa mzee kwa njia yoyote. Mimi binti nilinyoosha mkono juu ya kichwa cha baba, nikachukua ufunguo na kwenda zangu huku akiniomba nikirudi nimletee miwani. Wifi yangu alitakiwa avuke uwanja, amsalimu baba mkwe, anyooshe mkono juu ya kichwa chake, atoke na ufunguo mzee akijua anakokwenda, kisha aurudishe mzee ajue pia amechukua muda gani. Asubuhi nayo haikumsaidia, kwa maana baba alikuwa kitini na Biblia yake kabla jogoo hawajamaliza kuwika. Haya yote sikuyafikiria nilipopiga ule msumari. Ningependa kusema sikuyafikiria hata baadaye, lakini huo utakuwa uongo.

Majuma ya kwanza alinisubiri mimi. Nilitoka shule saa kumi, naye alikuja jikoni akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, naomba ufunguo." Nilimpa. Kisha akashika mimba, na mimba, kama ajuavyo kila aliyeibeba, humpeleka mwanamke chooni mara nyingi. Siku moja aliniomba ufunguo, akaurudisha, na chai haijachemka akaja tena.

"Tena?" nikamwambia. "Wewe na hiyo choo mko na maneno gani? Si ubebe godoro uhamie huko."

Nilicheka, na nililisema kwa sauti ya darasani, ile inayofika dawati la mwisho. Nilitaka lisikike sebuleni. Sijui nilitaka baba afanye nini akilisikia. Nilichosikia ni baba akiongeza sauti ya redio, ikawa kubwa mno, mtangazaji akasoma habari za bei ya majani chai kwa kelele hadi uwanjani. Wifi yangu alisimama kidogo mlangoni mwa jikoni, akasema, "Pole, Mwalimu," akarudi kwake bila ufunguo.

Baada ya siku hiyo hakuniomba tena. Nikajiambia amejipanga. Niliona alianza kuacha kikombe cha chai nusu, na maji akayagusa tu kwa midomo. Wakati wa chakula alijipakulia ugali kidogo na mboga zisizojaza kijiko, akisema hana njaa. Mimi mwenye macho ya kuona mtoto anayenakili mtihani safu ya nyuma, niliyaona yote hayo nikayapita.

Miezi hiyo hiyo baba akaanza tabia mpya ya kutembea. Daktari alikuwa amesema mguu uwekwe juu ya kigoda, usikanyage sana, la sivyo kidonda hakitafunga. Mimi nilirudi kutoka shule nikakuta bendeji imejaa udongo mwekundu. Nikimuuliza alisema, "Nilienda tu kuona kahawa." Kahawa ilikuwa pale pale tangu nikiwa mtoto. Jirani yetu mmoja, mama mwenye ng'ombe watatu na habari za kijiji kizima, akaniambia kwamba mzee hutoka asubuhi, hutoka saa sita na hutoka tena saa tisa. "Mzee yenu amekuwa askari wa shamba," akasema. "Anaenda mpaka mwisho, anasimama huko na jua yote."

Nilikasirika. Nilikuwa nikikiosha kile kidonda kwa maji ya chumvi kila jioni, nikikifunga, naye anakiharibu kwa makusudi. Nikachukua fimbo yake nikaiweka juu ya kabati langu, chumbani kwangu, nikafunga mlango kwa ufunguo. Aliiulizia mara mbili.

"Fimbo yangu iko wapi, mama?"

"Iko mahali iko. Utaiona mguu ikipona."

Mara ya pili alitazama uwanjani. "Nikikaa hapa naziba njia," akasema.

Hilo lilinichekesha. Nikakisogeza kiti chake ndani, kikagusa ukuta, sasa kikawa chini kabisa ya msumari, nikaweka kigoda mbele na mguu juu ya kigoda. "Sasa njia iko wazi," nikamwambia. Alinitazama, akavaa miwani, akafungua Biblia. Kesho yake niliwasimulia walimu wenzangu kisa hicho wakati wa chai, tukacheka sana juu ya wazee na ukaidi wao.

Mimba ilipofika mwezi wa sita, Jumamosi moja tulikuwa tumeketi nje tukichagua maharagwe. Wifi yangu akasema bila kuinua kichwa, "Mwalimu, nikuambie kitu? Tumbo yangu imekuwa jiwe. Leo ni siku ya sita sijaenda. Na nikienda naumia, mpaka natoka damu kidogo." Aliyasema akihamisha maharagwe mabovu upande mmoja, moja moja. Nikaona aibu iliyomgharimu kunitamkia mimi maneno hayo, mimi wa godoro. Nikamwambia nitampeleka kliniki mwenyewe, shule zikiwa zimefungwa.

Kliniki ile ya Nyeri ilianza kwa mafunzo. Wajawazito walipangwa kwenye mabenchi, nasi wasindikizaji tukabanana nao, akaja sista mmoja mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni. Aliongea kama mtu ambaye ameona kila kitu na hana muda wa haya.

"Leo tunaongea mambo ya choo," akasema. "Msinune, nyote mnaenda. Mama akiwa na mimba, matumbo inakuwa mvivu. Si ugonjwa, ni mwili inafanya kila kitu polepole. Halafu mtoto akikua anaikalia. Halafu mimi nakupatia dawa ya damu, inaongeza ugumu, unaenda unaona nyeusi unashtuka. Usishtuke na hiyo nyeusi, na usiwache dawa. Ukiwacha, damu itapungua, na siku ya kuzaa utaniletea shida."

Mama mmoja akauliza basi mtu afanye nini.

"Kunywa maji. Nimesema maji, sijasema chai. Kikombe kubwa ukiamka, na zingine nyingi mpaka jioni. Kula sukuma, managu, terere, maharagwe, githeri, papai, ndizi ya kuiva. Si ugali na chai, ugali na chai. Tembea, shamba iko. Na usiende kwa duka kununua dawa ya kuharisha, hiyo inaweza kuamsha uchungu na wakati haijafika. Ikizidi, ukiona damu, kuja hapa." Akavua miwani akaiacha ining'inie. "Na ile kubwa ndiyo hii. Tumbo ikikuita, enda. Usiiambie ngoja. Ukiiambia ngoja leo, ngoja kesho, itachoka kukuita, na ile iko ndani inakauka inakuwa mawe."

Zamu yetu ilipofika, tuliingia pamoja. Sista alimpima, akamvuta kope la chini akalitazama, akaandika kwenye kadi.

"Unakunywa maji?"

"Kidogo."

"Kwa nini kidogo?"

Wifi yangu alinyoosha rinda lake magotini.

"Choo yenu iko mbali?"

Ndipo akanitazama. Hakunitazama kwa hasira wala kwa kuniomba kitu. Alinitazama kama mtu anayetaka kujua kama mlango umefungwa kabla ya kuondoka. Kisha akamgeukia sista.

"Hapana," akasema. "Iko karibu, na ni safi sana."

Nilikuwa nimepakata mkoba wangu. Ningeweza kusema pale pale, sentensi moja tu, na yule sista angenigombeza vizuri na mambo yangeisha. Badala yake niliinua macho nikasoma bango la kunyonyesha lililobandikwa ukutani, nikalisoma lote hadi chini kabisa.

Tulipotoka nilimnunulia ndizi za kuiva, nyingi, zaidi ya alizoweza kubeba. Tukaketi kwenye ukingo wa ukuta nje ya soko, akala mbili. Pakiti mpya ya dawa ya damu ilikuwa mkononi mwake.

"Mimi naona shida ni hizo dawa," nikamwambia. "Walimu wenzangu wawili waliziacha, tumbo zikalainika."

"Lakini sista amesema nisiwache."

"Sista anaongea na watu benchi nzima. Wewe ndio unajua mwili yako."

Nililisema kwa sauti ile ninayotumia kufundisha kugawanya kwa njia ndefu, na mtu wa kuikaidi sauti hiyo sijampata. Yeye alikuwa ameishia darasa la saba na aliamini mwalimu hawezi kukosea jambo la kwenye karatasi. Nami nilijua ninachofanya. Dawa zilikuwa na sehemu yao katika lile tumbo, sista mwenyewe alikuwa amesema. Lakini nilizihitaji zibebe lawama yote, ili msumari wangu usibebe hata kidogo. Akanipa pakiti. "Basi nishikie," akasema, "nisije nikameza kwa kuzoea." Nikaitia mkobani, na nyumbani nikaiweka kwenye droo, chini ya madaftari ya kusahihishwa.

Majuma mawili alipata nafuu. Kwa ndizi, kwa kuacha dawa, sijui. Alinishukuru, nikashukuriwa bila haya. Kisha tumbo likarudi kuwa gumu kama mwanzo, kwa kuwa chanzo kilikuwa bado kimetundikwa juu ya kichwa cha baba. Mwezi wa nane viganja vyake vikawa vyeupe. Akichuma kahawa aliketi chini katikati ya mistari, akisema anapumzika kidogo, na pumziko hilo likawa refu kila siku. Nilimwambia mimba ndivyo ilivyo. Mimi ambaye sikuwa nimebeba hata moja.

Alijifungua hospitalini Nyeri, mchana, mtoto wa kike mzima mwenye sauti kubwa. Kisha akavuja damu. Kwa mwanamke mwenye akiba ya damu huenda ingekuwa shida ya kawaida, walitueleza baadaye, lakini yeye hakuwa na akiba. Ndugu yangu alifika kutoka Kenol na vumbi la mbao bado kwenye nywele, akasimama kwenye ukumbi akiuliza kila aliyevaa nyeupe. Muuguzi mmoja akanijia mimi, niliyeshika kadi.

"Alikuwa anameza dawa ya damu?"

"Ndiyo," nikasema. "Kila siku."

Aliandika. Niliona kalamu ikiandika uongo wangu, ndugu yangu akiwa kando yangu, akinitegemea. Walipoomba watu wa kutoa damu, nilikuwa wa kwanza kukunja mkono wa sweta. Nililala pale nikitazama damu yangu ikiondoka, nikajipa moyo kwamba sasa nimemrudishia nilichomnyang'anya, tumemalizana. Alipona. Alikaa wodini siku nyingi, akarudi nyumbani mwembamba, amembeba mtoto aliyepewa jina la mama yangu.

Kabla hajarudi nilikuwa nimeling'oa kufuli. Nilisema ufunguo umepotea. Baba alikuwa kitini. "Ni vizuri," akasema, bila kuinua macho kwenye Biblia. Nilimrudishia na fimbo yake pia, nikaiegemeza karibu naye. Hakuitumia sana tena. Mwaka uliofuata moyo wake ulisimama, tukamzika kando ya mama, na ndugu yangu akaichukua familia yake wakahamia Kenol.

Nilibaki peke yangu na funguo zote. Nilidhani nimeizika habari ile pamoja na mengine. Mtoto alipokuwa anakaribia miaka mitatu, ndugu yangu akaniandikia barua. Alisema wako salama, kazi inaendelea, mama watoto ni mjamzito tena mwezi wa tano. "Tumbo inamsumbua kama ile ya kwanza," aliandika, "lakini usijali, amekumbuka ushauri wako, zile dawa za damu ameziacha."

Niliisoma barua hiyo nikiwa nimesimama, nikaketi, nikaisoma tena. Jumamosi nilikuwa Kenol kabla ya saa nne. Katika mkoba wangu nilikuwa na ile pakiti ya zamani, niliyoitoa chini ya madaftari. Haikuwa na kazi tena, ila niliogopa kwamba nisipokuwa na kitu cha kuonyesha nitapata njia ya kunyamaza.

Walipanga chumba katika safu ndefu ya vyumba nyuma ya barabara kuu. Choo kilikuwa mwisho wa safu, kina kufuli, na kila mpangaji ana ufunguo wake. Ufunguo wao ulikuwa umefungwa kwa uzi mwekundu na kutundikwa nje, kwenye mwimo wa mlango, mahali ambapo mtu huuchukua bila kuingia ndani wala kumuuliza yeyote. Niliuona kabla ya kubisha. Niliujua mkono ulioutundika pale na sababu yake.

Ndugu yangu alikuwa kazini. Wifi yangu alikuwa akimenya viazi, mtoto yuko mlangoni kwa jirani akicheza. Alifurahi kuniona, furaha ya kweli, akataka kuinuka aweke chai. Nikamwambia akae. Nikachukua kisu kingine nikaanza kumenya naye, kwa sababu nilijua nikimtazama usoni sitaweza. Nikaanza na kufuli, nikaja kwenye lile neno la godoro, nikasema kwamba nilitaka lisikike. Nikasema kwamba kule kliniki nilijua shida iko wapi na nikazisingizia dawa. Nikaitoa pakiti nikaiweka kati yetu. Mwisho nikamwambia nilivyomjibu muuguzi hospitalini.

Aliichukua pakiti akaigeuza. "Hii ya hospitali sikujua," akasema. "Ya choo nilijua. Mtu anajua akichekwa."

"Ulinikasirikia."

"Kidogo. Si sana. Nilikuwa na Mzee."

Nikamuuliza Mzee yupi.

"Mzee wetu," akasema, na sauti yake ikalainika. "Siku ile uliniambia mambo ya godoro, kutoka kesho yake akaanza. Mimi nilikuwa natoka nasimama pale kwa kamba ya nguo, najifanya nageuza nguo. Akiniona hapo anakohoa, anachukua fimbo, anaenda zake kahawa. Hanitazami. Mimi naingia nachukua ufunguo. Na harudi mpaka nimeurudisha, Mwalimu. Anasimama huko mwisho na ule mguu wake, kwa jua. Mara tatu kwa siku. Hatukuongea hayo maneno hata siku moja, na angeongea ningekufa na aibu."

Kisu changu kilikuwa kimesimama. Yeye aliendelea kumenya.

"Halafu siku moja hakutoka. Nikasimama kwa kamba, akanitazama, akaangalia chini. Kesho yake nikaona kiti iko ndani kabisa, hata hanioni tena. Nikajua amechoka na mimi. Ndio hiyo wakati tumbo iligeuka jiwe. Mpaka tumemzika nilikuwa najiuliza nilimkosea nini. Mpaka leo najiuliza."

Nilikuwa nimesafiri na makosa manne, nimeyapanga, nimeyasema. Hili la tano sikuwa nalijua. Nilikuwa nimelisimulia kwenye chumba cha walimu, watu wakacheka, na nilikuwa nimeliweka miaka yote hiyo upande wa mema niliyomtendea baba.

"Hukumkosea," nikamwambia. "Fimbo niliificha mimi. Niliweka juu ya kabati. Kiti nilisogeza mimi."

Akaweka kiazi chini.

"Aliiulizia?"

"Mara mbili."

"Alisema nini?"

"Alisema akikaa pale anaziba njia."

Alifunika uso kwa mikono yenye maji ya viazi, akamlilia yule mzee kana kwamba tumemzika asubuhi hiyo. Sikumgusa. Sikuona kwamba ni haki yangu kumgusa. Alipomaliza alijifuta kwa kitambaa cha kichwa, akainuka, akavuta mkoba chini ya kitanda, akatoa humo pakiti mpya ya kliniki ambayo haikuwa imefunguliwa. Akachota maji, kikombe kikubwa cha bati, akameza kidonge kimoja, akanywa yale maji yote bila kupumzika.

"Ya choo nilisamehe zamani," akasema. "Ya dawa nitasamehe. Hii ya fimbo, Mwalimu, wacha nikae nayo kwanza."

Nikasema sawa. Akachukua ufunguo pale mlangoni akatoka, nami nikamalizia viazi vilivyobaki.